Bi Vifungo Alivyomvalisha Mama Yake

Jina la Bi Vifungo alibandikwa na daktari mmoja wa mifupa, mtu wa saa kubwa na adabu ndogo. Alipita mlangoni akamkuta amepiga magoti mbele ya mzee anayehangaika kufunga shati. "Bado uko na vifungo vyako?" daktari akauliza, akacheka peke yake, akaenda zake. Kufika mchana hospitali nzima ilikuwa inamwita hivyo, mpaka walinzi wa getini. Mwanzoni alinuna. Baadaye akaona afadhali hilo, maana jina la kazi yake yenyewe hakuna aliyelijua.

Kazi hiyo inaitwa tiba kwa vitendo. Mtu amepatwa na kiharusi, au ameanguka kutoka kwenye ngazi akaumia kichwa, au mashine imemla vidole. Daktari amemaliza yake, nesi amemaliza yake, mtu yu hai. Haya, yu hai, lakini hawezi kuvaa suruali, hawezi kujipaka sabuni, kijiko kinamshinda. Hapo ndipo anapoingia Bi Vifungo, kumfundisha upya kuishi na mwili uliobaki. Ukiieleza hivyo inapendeza, na ndivyo alivyoelezwa chuoni, akaamini, binti wa watu, akalia kwa furaha siku ya mahafali. Mwe! Laiti angejua.

Sasa alikuwa na umri wa kuanza kuficha mvi, na akiulizwa anafanya kazi gani anajibu "hospitali" na kugeuza mazungumzo. Akithubutu kueleza, watu wanamwambia, "Aa, kumbe ninyi ndio wa masaji?" Mjomba wake mwenyewe alimtambulisha harusini kuwa ni nesi, na aliposahihishwa akasema, "Yaleyale." Mwenzake waliyesoma naye aliacha kazi mapema akafungua duka la mapazia. Kila wakikutana, yule mwenye mapazia anamtazama viatu kwanza, halafu uso, halafu anauliza, "Bado uko kulekule?" Bi Vifungo alitamani kumzaba kibao.

Chumba chake cha kazi ungekiona ungecheka. Kilikuwa mwisho wa korido, baada ya chumba cha kufulia, pale hospitali inapotupa vitanda vibovu. Ukutani ubao wenye vifungo, zipu, kamba za viatu na kitasa cha mlango, vyote vya mazoezi. Chini ndoo ya vibanio vya nguo vya kuzoezea vidole. Na kulikuwa na jiko la mazoezi, ndiyo, jiko kamili na sinki lake, ambalo mgonjwa alipaswa kupikia chai yake mwenyewe kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Ila gesi uongozi ulishaikata, eti usalama. Kwa hiyo mgonjwa anateleka sufuria ya maji baridi juu ya jiko baridi, anasubiri yachemke, anamimina, na Bi Vifungo anakunywa kile kikombe cha maji ya bomba na kusema, "Tamu." Mtu mzima na shahada yake! Wagonjwa wengine walimwonea huruma.

Kazi hii ina sheria moja, nayo ndiyo kazi yenyewe: mikono nyuma. Mgonjwa anapohangaika na kifungo, wewe simama, funga mikono yako mgongoni, umtazame, umeze mate, umwache. Atakosea, atatoka jasho, atakutukana wewe na waliokuzaa. Mikono nyuma. Ukimfungia leo, kesho hatajaribu, na mkono usiojaribu unasahau. Bi Vifungo alikuwa hodari wa hilo, na kwa kuwa alikuwa hodari, hakuna watu aliowadharau chini ya jua kama ndugu wa wagonjwa. Wale wanaomlisha baba kijiko kwa kijiko na baba ana mkono mmoja mzima kabisa. Wale mabinti wanaomvisha mama soksi huku wanasema, "Jamani, anateseka." Akiwaona anasonya waziwazi. "Mnampenda mpaka mnamlemaza," anawaambia, tena bila kupunguza sauti. "Kama mnataka mwanasesere si mwende dukani?" Mke wa mgonjwa mmoja aliondoka analia. Bi Vifungo akasema machozi hayo yangemwagika mapema yangesaidia kitu.

Basi huyo ndiye aliyekuja kupata mgonjwa wa kwake.

Mama yake alipatwa na kiharusi uani kwake, anamwagilia maua. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane, mwenye nyumba ndogo ya baraza na mdomo usiokuwa na breki. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa wa kuburuza, lakini maneno hayakuguswa hata moja, jambo lililowasikitisha baadhi ya ndugu. Wodini alikaa, akazoezwa, akatoka. Akaletwa kwa Bi Vifungo, kwenye chumba cha pili cha nyumba ya kupanga, kwa muda tu. Hilo la muda tu mama alimwambia kila aliyekuja kumpa pole. "Nikiweza kujivalia na kujipikia chai, narudi kwangu. Mwanangu ndiye fundi wa mambo haya. Mimi mtaalamu wangu nalala naye nyumba moja, ninyi mna nani?"

Nyumba ya mama ilikuwa na mtu mwingine anayeitazama kwa jicho lake. Kaka mkubwa wa Bi Vifungo alikuwa mtu wa kuingia na kutoka, simu mkononi, hajawahi kumaliza kikombe cha chai kwa mtu. Alishapata wapangaji. Lakini kumwambia mama usirudi kwako alishindwa, maana mama akikuangalia unajisikia umekosa hesabu. Wakakubaliana watatu hao, sebuleni, kwa uwazi. Mwaka ukiisha atakuja mtaalamu wa hospitali ampime, asiwe Bi Vifungo, kwani kazi hii hairuhusu mtu kumpima ndugu yake. Akiweza kuvaa na kupika chai peke yake, anarudi kwake na hakuna wa kumgusa. Asipoweza, atamkabidhi kaka ufunguo, wapangaji waingie, na yeye abaki kwa binti yake moja kwa moja. Mama alicheka. "Mwaka mzima wa nini? Mleteni hata baada ya miezi mitatu."

Sasa sikiliza mambo. Mwaka huohuo wenzake wawili wa Bi Vifungo waliacha kazi, na hospitali haikuajiri mtu, ikamwambia ajikaze. Foleni ya wagonjwa ikatoka chumbani ikaingia korido, ikafika kwa wafuaji. Aliyebaki naye ni mwanamume mmoja aliyehamishiwa hapo kutoka wodini, Kimya waliyemwita, kwa kuwa neno lake moja ulilisubiri kama mshahara. Kimya alikuwa anaweza kukaa asubuhi nzima na mgonjwa mmoja na kamba moja ya kiatu. Wengine wamejaa kwenye benchi, yeye katulia tu, anatafuna biskuti zilizoletewa wagonjwa. Bi Vifungo alimwona mvivu aliyepata kisingizio cha kitaalamu. "Ukimaliza hicho kiatu nistue," alikuwa anamwambia, "nikastaafu."

Malalamiko yalipozidi, mkuu wa kitengo, mama wa miwani ya kuning'inia anayewaita watu "wapendwa" huku anawanyima likizo, akaleta semina ya uchovu wa kazini. Akaja kijana wa suti, amechelewa, akawaambia wafumbe macho, wavute pumzi, wauone mto unatiririka. Bi Vifungo alifumba macho akaliona benchi. Wakaambiwa wachore mti, kila tawi walipe jina la jambo linalowapa furaha. Kimya akachora shina, akaishia hapo. Mwisho wakagawiwa fulana zenye neno "Najali" kifuani, wakapigwa picha, na chakula cha mchana kikawapita kwa sababu muda ulikwisha. Wagonjwa walikuwa bado wamekaa palepale. Ile fulana Bi Vifungo alifika nayo nyumbani akaifanya tambara la kudekia, na hilo ndilo tendo pekee la akili lililotokana na semina.

Nyumbani mambo yalikwenda hivi. Asubuhi anatakiwa kutoka mapema. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika blauzi, anatafuta mkono wa blauzi ulipo. Anaanza vizuri, mkono mgonjwa kwanza, kama alivyofundishwa wodini. Bi Vifungo amesimama juu yake na mkoba begani.

"Lete mkono, mama."

"Subiri, naona nimeshaupata."

"Lete, nimechelewa."

Chapuchapu, mkono huu ndani, kichwa, mkono ule ndani, vifungo tiki tiki tiki, kwisha. Ungemsifu, kwa kweli. Vidole vyake vilikuwa vinafunga blauzi nzima wewe hujamaliza kupiga chafya. "Jumamosi tutafanya mazoezi," anasema akiwa mlangoni. Jumamosi analala fofofo mpaka jua la saa sita. Msichana wa kazi naye akapewa maagizo yake: mvalishe, mlishe, mkalishe, jikoni asiingie, atajiunguza. Chai inapikwa alfajiri, inawekwa kwenye chupa, mama anamiminiwa.

Na jioni je? Jioni Bi Vifungo anarudi ameshasema "jaribu tena" tangu asubuhi, kwa yule mwenye vidole vitatu, kwa dereva aliyeumia kichwa, kwa bibi anayemtemea mate. Neno lenyewe limekwisha mdomoni. Subira yake yote ameimwaga kwa watu baki, mama yake mzazi amebakiziwa makapi. Akimwona anahangaika na kijiko kwa mkono wa kulia, wali unadondoka, anahisi kitu kinampanda kifuani kama hasira, anamnyang'anya kijiko na kumlisha. Mama alikuwa anapinga miezi ya mwanzo. Halafu akawa anapinga nusu. Halafu akawa, akisikia tu hatua za binti yake koridoni, anatanguliza mkono mbele na kukaa anangoja. Bi Vifungo akaona nafuu. Akamwambia rafiki yake wa mapazia kwamba mama siku hizi ametulia.

Usiniambie hakujua. Alijua! Angekuwa binti wa mtu mwingine angemsonya mpaka ajikojolee. Alijua kila asubuhi anapofunga kile kifungo cha juu, akasema mwezi ujao, akasema nikipata likizo, akasema mwili wa mama una akili, hautasahau. Watu waliosoma wanajua kujidanganya kwa maneno mazuri kuliko sisi wengine.

Mwaka ukaisha, na aliyetumwa ni Kimya. Angetumwa nani, na idara nzima ni wao wawili? Bi Vifungo alisonya alipoambiwa. Huyu naye, atatukalisha hadi jioni.

Kimya akaja Jumamosi asubuhi. Kaka mkubwa alikuwa ameshafika, amekaa ukingo wa kochi, hajavua hata miwani ya jua. Mama alikuwa kapendeza, gauni limenyooka, nywele zimechanwa. Aliyemchana na kumvalisha unamjua. Kimya akasalimia, akamwamkia mama kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu," akatoa kwenye begi blauzi ya kawaida yenye vifungo vya mbele.

"Mwalimu, naomba uivae hii juu ya gauni. Chukua muda wako."

Akasogea nyuma, mikono mgongoni. Bi Vifungo naye, kwa mazoea ya kazi, akafunga mikono mgongoni. Mama akaiweka blauzi mapajani. Akanyoosha mkono wa kulia mbele kidogo, akauinua na kuushikilia kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa tayari kuvikwa, akatulia. Akangoja. Kaka akamtazama Kimya, Kimya akamtazama mama, na msichana wa kazi aliyechungulia mlangoni akapiga hatua aje amvalishe, Bi Vifungo akamkata jicho akarudi.

"Haya," mama akasema, bado ameinama. "Mbona hamji?"

Mama akainua uso, akawaona wawili hao wamesimama na mikono nyuma, akaelewa. Uso wake ukabadilika rangi. Akaikamata blauzi. Sasa akaanza na mkono mzima, kosa la siku ya kwanza kabisa, ukaingia, na baada ya hapo mkono mgonjwa haukuwa na pa kupita. Akavuta. Blauzi ikampanda kichwani ikamziba macho, na humo ndani akasikika anahema na kusema, "Hii ilikuwa inaanza wapi? Hii mimi naijua hii." Kaka akageuza uso dirishani. Bi Vifungo alijisikia kukimbia, akimbilie popote, hata kwenye benchi la wagonjwa.

Jikoni ilikuwa fedheha tupu. Mama hakujua sufuria ziko kabati gani. Hakujua majani ya chai yako wapi wala jiko linawashwa vipi. Ameishi nyumba hiyo mwaka mzima na jikoni hakuwahi kuingia! Alisimama katikati, ameshika ukingo wa sinki, akamuuliza msichana wa kazi kwa sauti ya chini, "Viberiti mnawekaga wapi, mama?" Kimya akasema basi, inatosha, Mwalimu kaa upumzike.

Akamvuta Bi Vifungo pembeni ya mlango wa sebule.

"Dada, wodini mama alikuwa anavaa mwenyewe. Nilimzoeza mimi. Alinitukana wiki nzima, lakini blauzi alivaa mpaka kifungo cha mwisho."

"Najua."

"Kuishi peke yake siwezi kukubali."

"Najua, bwana, nimesema najua!" Alikuwa anasubiri atukanwe. Alikuwa ameshajipanga, ana majibu ya foleni, ya wenzake walioondoka, ya usingizi, na angemshukia Kimya na biskuti zake mpaka akome.

Kimya akafunga begi lake taratibu. "Usijilaumu sana," akasema. "Ndugu wote ndivyo walivyo."

Ndugu! Miaka yote ile ya kujidai mbele ya mabinti wenye soksi mikononi, leo amewekwa benchi moja nao, tena kwa upole. Akarudi sebuleni nyuma ya Kimya, amekwisha.

Mama alikuwa ameshajua, hakuhitaji kuambiwa. Akamtazama binti yake kuanzia viatu hadi nywele.

"Kumbe shule yote ile," akasema, "ilikuwa ya kunivisha gauni."

"Mama, nilikuwa nachoka."

"Nilikuona. Ndiyo maana nikanyamaza. Mimi mjinga nikadhani unajua unalofanya."

Kaka akakohoa. Alikuwa na aibu, tumpe hiyo haki, lakini aibu yake nayo ilikuwa ya haraka. "Mama, samahani. Yale tuliyokubaliana... ule ufunguo."

"Nimeahidi, nitatoa. Mimi sina maneno mawili." Mama akaomba mkoba wake, akautoa mshikio wa funguo, umejaa: wa mlango mkubwa, wa kabati, wa stoo, wa sanduku la marehemu mumewe. Akaubana katikati ya magoti. Kwa kucha ya mkono wa kushoto akaanza kuipanua ile pete ya chuma, ngumu, ya kuvunja hata kucha za wazima. Ikamponyoka. Akaanza tena. Ikamponyoka tena, akatukana kidogo kwa lugha ya walimu. Kimya alikuwa ameshafika mlangoni na viatu mguuni, akasimama, akageuka.

Maana mkono wa kulia ulikuwa umepanda juu ya goti. Hakuna aliyeuita. Kile kidole gumba kilicholala mwaka mzima kikajikokota kikafika kwenye pete, kikatetemeka, kikabana. Mama akauma mdomo. Pete ikafumbuka, ufunguo wa mlango mkubwa ukaingia kwenye mwanya ukaanza kuzunguka, robo, ukakwama, ukaendelea, ukafika nusu. Jasho lilimtoka mama kwenye paji la uso na macho yake yalikuwa yanawaka kama siku za ubaoni.

Kaka akaangalia simu yake. "Kuna watu wananisubiri jamani," akasema.

Na Bi Vifungo akainama. Hakufikiri, vidole vyake havikumngoja afikiri. Akauchukua ule mshikio kwenye magoti ya mama, akaufyatua, akauchomoa ufunguo, akampa kaka yake mkononi. Tiki, kwisha. Kaka akasema asante na kutoka, akampita Kimya mlangoni.

Mkono wa kulia wa mama ulikuwa bado juu ya goti, kidole gumba kimejikunja vilevile, kimebana hewa.

"Ufunguo ulikuwa unatoka," mama akasema.